Ng'ombe wa Mzee Stanislausi

Silasi alipoandika "borrow" na "lend" ubaoni, chaki ilimkatikia mara mbili. Nyuma ya darasa la tano, mwalimu mkuu Marieta alikuwa amejibana kwenye dawati la mwanafunzi, kalamu mkononi. Somo hilo la majaribio ndilo lingeamua kama shule hiyo ya Mwisenge itamwajiri.

Aliihitaji kazi kuliko alivyoweza kumwambia mtu. Miaka miwili nyuma, ada ya chuo ilipokwama, shangazi yake Bhoke wa Butiama aliuza ng'ombe akamkopesha pesa. Ng'ombe mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa wa mzee Stanislausi wa Bunda, aliyemwachia amtunzie kwa desturi ya siku zote: maziwa ya mtunzaji, ndama wa mwenye ng'ombe. Kila mzee alipopiga simu, shangazi alisema ng'ombe hajambo. Jana mzee alisema Jumamosi anakuja kumwona.

Darasani mambo hayakwenda. Mtoto mmoja alisema baba yake alim-borrow jirani pesa. Alipoulizwa nani alitoa na nani alichukua, akakuna kichwa, wenzake wakamcheka. Silasi alieleza tena: lend ni la anayetoa, borrow ni la anayechukua. Nyuso zikabaki vilevile. Marieta akatazama saa.

Silasi akatafuta mfano, na kichwani hakukuwa na kingine. Akachora ng'ombe. Akasimulia habari za mama aliyeuza ng'ombe wa watu ili amkopeshe kijana ada. Darasa likatulia. Sasa kila alipouliza nani katoa, nani kachukua, walijibu bila kukosea, mpaka Prudence, binti wa dirishani, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo kijana alisharudisha?"

"Bado."

"Sasa mwenye ng'ombe akija, kwa nini amgombeze mama peke yake?"

Wote wakamgeukia mwalimu. Silasi alijifuta chaki kwenye suruali, akajifuta tena. Kengele ikalia.

Ofisini, Marieta alimwambia aanze Jumatatu. Mshahara wa kwanza mwisho wa mwezi ujao. Silasi alishukuru, akahesabu siku. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Alimpigia shangazi akiwa getini. Shangazi alikuwa ameshafunga mzigo aende kwa dada yake Kisorya mpaka mzee aondoke. Alitaka Silasi amwambie mzee kuwa ng'ombe kapelekwa malisho ya mbali.

"Usiende, Shangazi. Kesho tumfuate Bunda kabla hajatufuata."

"Tukamwambie nini, baba? Yule mzee alikuwaga ananiamini."

"Nitaongea mimi. Aliyekopa ni mimi."

Silasi akasikia mzigo ukiwekwa chini. Kisha shangazi akauliza, kwa sauti ya chini, kama nauli ya kuwafikisha wote wawili Bunda anayo.

Silasi akapapasa mfuko. Akageuka, akarudi ofisini kwa Marieta kukopa.