Kamba ya Zaozao

Bibi Lian alikuwa anakanda unga wa mikate ya mvuke wakati mjukuu wake, Zaozao, alipopita chini ya meza akitambaa kinyumenyume. Hilo halikumshangaza. Mama wa mtoto, Cuiping, alikuwa kusini kwenye kiwanda cha viatu, na saa hizo ndizo alizokuwa akikimbilia msalani. Akikimbia huko, kamba huvutika, na mtoto huku hurudi nyuma hadi mlangoni.

Hapo kijijini Hejiagou, kama vijiji vingine vya huko, kila mtoto huzaliwa na kamba miguuni inayomfunga na mguu wa mama yake, na akianza kusimama kamba hiyo hukatwa kwa kisu cha jikoni ili atembee. Mama akiwa nyumbani, kamba huwa fupi kama ya kiatu. Ya Zaozao ilipita chini ya mlango, ikavuka uwanja wa kuanikia mahindi, ikafuata barabara ya mabasi mkoa kwa mkoa hadi kwenye kifundo cha mguu wa Cuiping. Watu waliiruka tu. Kuku walishaizoea.

Tatizo ni kwamba Zaozao alishapitisha umri wa kutembea. Alikuwa anashika stuli, anasimama, anainua mguu, na huko kusini mtu anageuka kuchukua gundi. Mtoto chali. Magoti yalishaota sugu. Jirani yao, Bi. Geng, aliyekuja kuazima chumvi akakaa hadi mchana, alisema mtoto huyo ana gia ya kurudi nyuma tu, za mbele walisahau kuzifunga.

"Kata, dada. Kisu si hicho hapo?"

"Mama yake kaomba nimngoje. Kukata ni kazi ya mama."

"Haya, mngoje. Siku ya harusi yake mtambeba kwa toroli."

Cuiping alikuwa ameahidi kuja sikukuu ya Mwaka Mpya. Bibi Lian alikinoa kisu mapema, akakiweka juu ya kabati kisiguse hata kitunguu. Sikukuu ilipokaribia, kiwanda kikapata oda kubwa na likizo zikafutwa. Cuiping akaenda kuomba ruhusa. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza kwamba ruhusa hutolewa kwa msiba na ugonjwa. Mtoto kutembea si msiba wala si ugonjwa. Pia alimwomba kamba aichomeke ndani ya buti, wenzake wanajikwaa.

Jioni Cuiping alipiga simu ya video akiwa kitandani bwenini. Alimtazama mtoto akihangaika na stuli, yeye mwenyewe hathubutu hata kukunja mguu. Mtoto akasimama. Cuiping akapiga chafya, mtoto akaanguka.

"Mama," akamwambia mkwewe, "kata."

"Mwanangu, nikikata ndiyo basi. Hairudiwi."

"Najua. Kata tu. Nimechoka kumwangusha."

Bibi Lian aliegemeza simu kwenye bakuli la unga, akamsimamisha Zaozao kizingitini, akashusha kisu katikati ya miguu yake. Kamba ikafyonzwa nje kama tambi, ikavuka uwanja, ikapotea barabarani. Zaozao aliifuata kwa miguu hadi langoni, hakuiona, akarudi vilevile kwa miguu kudai chakula. Bi. Geng, aliyekuwa akichungulia langoni, akasema kumbe gari lilikuwa zima. Kwenye simu Cuiping alikuwa anapiga makofi.

Kisha akataka kwenda kunawa uso, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Mguu uliozoea kuvutwa haukujua pa kwenda bila kuvutwa. Wenzake bwenini hawakushtuka. Walisogeza ndoo na malapa kumpa njia, wakamwonyesha pa kushika, kitanda hadi kitanda.

"Anza kwa kutambaa, shoga," alisema mmoja ambaye mtoto wake kijijini yuko darasa la tatu. "Usione aibu. Sote hapa tulianza hivyo."

Cuiping akatambaa hadi bombani na kurudi. Asubuhi aliweza kusimama, akaachia ukingo wa kitanda, akapiga hatua ya kwanza kuelekea mlangoni. Hakuna aliyepata nafasi ya kumtazama. Kengele ilishalia, na oda ilikuwa bado kubwa.