Gari Lililomshinda Mzee Pua

Gari jekundu lilirudi likivutwa kwa kamba, na mimi nikakaa juu ya tairi bovu nikashika kichwa. Tulikuwa tumeshalibadilishia mfuniko wa rejeta, thermostati na pampu ya maji. Bado lilikuwa linakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, halafu linachemka njiani na kumwaibisha mwenye gari mbele ya watu. Gari lenyewe ni la spoti, milango miwili, limelala chini, injini nyuma na rejeta mbele. Kufungua injini yake si mchezo; lazima uishushe yote.

Na hicho ndicho baba alichotaka kufanya.

"Gasketi ya silinda hedi imekufa," alisema. "Tunashusha."

"Baba, oili ni safi. Moshi mweupe hakuna. Gasketi gani hiyo?"

"Ukipima, presha inashuka?"

"Inashuka."

"Chini pana tone?"

"Hapana."

"Basi maji yanakwenda wapi, mbinguni? Yanaingia kwenye injini. Shusha."

Baba ndiye mwenye gereji, na watu wanamwita Mzee Pua. Akiinama juu ya injini akavuta pumzi, anakwambia petroli inavuja wapi, klachi imeungua kiasi gani, na dereva alikula nini. Watu huleta magari kwa ajili ya pua hiyo. Mimi kazi yangu ni chini ya gari. Ndani ya gari la mteja huketi yeye peke yake, ananusa, halafu anatoa hukumu. Kubishana naye baada ya hapo ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mwenye gari, daktari wa meno, mtu mpole kupita kiasi, siku hiyo alikuwa amenuna.

"Mzee wangu, heshima yako ipo," alisema. "Lakini mkishusha injini halafu lichemke tena, nalichukua, na kila atakayeniuliza nitamwambia pua yako imekwisha." Alipokuwa anaondoka akaongeza kwamba vioo vinapata ukungu kwa ndani, na kuna harufu fulani, kama ya kitu kitamu.

"Manukato ya mkeo hayo, Daktari," baba akacheka. "Mwenye pua haambiwi nusa."

Daktari hakucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Gari lilipaswa kuingizwa juu ya shimo la kufanyia kazi chini ya magari. Lakini mgongo wa baba ulikuwa umemkamata tangu asubuhi, na kiti cha gari lile kiko chini kama mkeka. Alijaribu kuingia, akaguna, akatoka amekunja uso.

"Ingia wewe," akasema. "Na usiguseguse vitu vya watu."

Nikaingia, nikafunga mlango. Harufu ikanivamia, tamu, nzito, kama peremende iliyoyeyukia kwenye sufuria ya moto. Kulanti, dawa ya maji ya rejeta! Haikuwa harufu ya kutafuta. Ilikuwa ya kuikimbia. Nikainua kapeti upande wa abiria. Sponji ya chini yake ilikuwa imelowa chapachapa, na vidole vyangu vikatoka na utelezi. Rejeta ndogo ya hita, ile iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ndiyo iliyokuwa inavuja, na sponji ilikuwa inakunywa kila kitu. Ndiyo maana chini hapakuwa na tone.

Hasira zikanipanda hadi utosini. Pampu mpya! Thermostati mpya! Mimi nimelala chali kwenye saruji baridi mpaka mbavu zinauma, na huyu bwana aliketi humuhumu, akanusa, akasema hakuna kitu!

Nikang'oa kipande cha sponji nikamfuata nacho.

"Baba, nusa."

Akanusa. "Maji tu hayo. Daktari ameosha gari."

"Nusa tena."

"Nimekwambia ni maji!"

Mdomo wangu ulishafunguka nipige kelele. Kisha nikaona jinsi anavyonusa. Macho yake hayakuwa kwenye sponji. Alikuwa ananitazama mimi usoni, anasubiri uso wangu umpe jibu.

"Baba," nikasema. "Wewe husikii harufu."

"Nani kakwambia?"

"Tangu lini?"

Akafutafuta spana ambayo haikuwa na uchafu. "Tangu ile homa iliyonilaza kitandani. Nilidhani itarudi. Mama yako akiunguza mboga nakula tu, namsifu."

"Ungesema!"

"Niseme nini? Mzee Pua hana pua? Nani ataleta gari hapa?"

"Tungeshusha injini ya mtu, Baba! Kwa kubahatisha!"

"Nilikuwa nakaribia kupata," akasema. Mbishi hata pale.

Nikawa nageuka niende zangu, na ndipo wazo liliponijia. Juzi tulikuwa na gari jingine shimoni, ekzozi, bomba lile la moshi, imetoboka karibu kabisa na tangi la petroli. Baba aliinama, akanusa, akasema petroli hakuna, chomelea. Nami nikawasha gesi nikachomelea.

"Baba. Ile ekzozi ya juzi. Ulisikia harufu gani?"

Akatazama sakafu.

"Sikusikia kitu," akasema. "Nilimwomba Mungu tu."

Nikanyoosha mkono. Akatoa mfukoni kiberiti cha kuwashia gesi, akaniwekea kiganjani, bila neno hata moja la kubisha. Maisha yangu yote nimemwomba baba aache ubishi. Sikujua kwamba siku akiuacha nitalia.