Kamba Nyuma ya Mlango

Siku Yordani alipochukuliwa, ubao ulikuwa chini ya kitanda. Lori la shamba lilisimama mbele ya laini, safu ya vyumba vya wafanyakazi, nyuzi za katani bado zimetapakaa sakafuni mwake. Wakampandisha akiwa amejizungushia blanketi, meno yanagongana kwa homa. Neno lake la mwisho kwa mkewe halikuwa la mgonjwa hata kidogo.

"Bernadina, ule ubao usiutoe nje. Jua litaupinda."

Lori likashika njia ya hospitali ya Korogwe. Liliporudi, waliokuwa wamekaa nyuma walimshusha ndani ya blanketi lilelile, na hakuna aliyehitaji kuulizwa.

Walimzika kwenye makaburi ya kambi, ng'ambo ya reli ya troli. Tangu hapo Bernadina akawa mtu wa kuchoka. Hakulia sana. Alikwenda uwanjani kuanika katani, kipande chake, kadi ya kazi, kikatiwa alama, akarudi, akapika, akalala. Akiamka, uchovu ulikuwa papo hapo, kama mgeni asiyejua kuaga. Nyapara hakumtoa katika chumba kwa kuwa mjane naye alikuwa na kipande chake mwenyewe. Kwa hiyo walibaki wawili, yeye na mama mkwe wake, Mama Filomena.

Chumba kilikuwa kimoja. Ukuta wa kushoto ulikuwa na kitanda cha Yordani na Bernadina, ule wa kulia una meza kubwa, na katikati, juu ya saruji yenye ubaridi, ndipo Mama Filomena alipotandika mkeka. Masika yakiingia magoti yake yalivimba kama viazi. Baada ya msiba Bernadina alimwomba apande kitandani walale pamoja, akakataa. Mama hakai juu ya kitanda cha mwanawe na mkwewe, sembuse kulala. Hata mwana akiwa ardhini.

Yordani ndiye aliyeyafikiria magoti hayo. Alikuwa ameona ndani ya behewa la gadi wa treni, stesheni ya Korogwe, rafu iliyoshikizwa ukutani kwa bawaba. Ukiitaka unainua ubao na kuuwekea mguu chini yake. Usipoitaka unaushusha, unalala bapa ukutani, watu wanapita. Alimweleza mkewe kwa kiganja, akikiinua na kukishusha, anacheka peke yake.

"Meza tunaivunja. Mbao zake zinatoa kitanda cha mama. Kitanda kinakaa pembeni kule, rafu inafuata, halafu mlango. Tukila tunafungua, tukimaliza tunakunja."

Ilibaki kupima. Mchana mmoja Mama Filomena alikuwa amesinzia kwenye mkeka, na Bernadina akamkuta mumewe amepiga magoti, ananyoosha kamba ya katani kutoka utosini mwa mama yake hadi kisiginoni.

"Yordani! Mtu aliyelala hapimwi!"

"Sasa nimpimeje? Nimwambie asimame? Kitanda gani hicho cha kulala wima?"

Akaongeza shubiri moja ya kujinyoosha, akapiga fundo, akapima ukuta uliosalia, akakata ubao kwa kipimo hicho. Kamba akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mwezi haukuisha, homa ikamwangusha. Na siku ya msiba, wachimba kaburi walipotaka kipimo, mtu aliingia na kamba nyingine ya katani, akainyoosha kutoka utosini mwa Yordani hadi kisiginoni.

Bernadina hakumwambia mtu. Hakuigusa ile ya nyuma ya mlango.

Siku za kuanua matanga zilipokaribia, Eliasi, kaka yake Yordani, alituma neno kutoka Handeni, alikooa na kulima, kwamba anakuja kumchukua mama. Nyumba yake ina vyumba, mama hatalala chini. Bernadina alimuuliza mkwewe anataka nini.

"Mimi sina neno, mwanangu. Penye pa kulala ndipo nitakapokwenda."

Bernadina akalielewa jibu hilo lilivyo. Palikuwa pamebaki mtu mmoja tu wa kulitaja jina la Yordani wakati wa chai, naye angeondoka kwa sababu ya nafasi ya kitanda kimoja.

Jumapili akautoa ubao. Jirani yake Salimu, Mzigua wa Handeni, akaja na nyundo na patasi. Yeye na Yordani walikuwa watani, Mzigua na Mnyamwezi, na kifo hakikumfunga mdomo.

"Shemeji, Mnyamwezi gani anakata ubao mfupi hivi? Ukuta wote huu! Alidhani anatengeneza rafu ya kuku?"

"Ndivyo alivyotaka."

"Haya, tunaiweka wapi?"

Bernadina akatazama nyuma ya mlango. Kamba ilining'inia na fundo lake. Kuishusha kulikuwa kueleza, na kueleza kulikuwa kusikia watu wakisema kwamba Yordani alimpimia mama yake kaburi, kaburi likamchukua mpimaji. Alikuwa amechoka mno kwa maneno ya watu.

"Weka unapoona panafaa."

"Katikati basi, ipendeze."

Wakaivuta meza kando, wakatoboa ukuta, wakapigilia vigingi vya mti matunduni, juu yake wakakaza kipande cha mbao na bawaba. Ubao ukainuka, ukashuka, ukalala bapa. Ulifanya kazi vizuri kama alivyosema. Lakini kulia kwake palibaki nafasi ya nusu kitanda, na kushoto vilevile.

Eliasi alifika jioni hiyohiyo, Salimu hajaondoka bado, vumbi la Handeni hadi kwenye nyusi. Alimwamkia mama yake, akaambiwa habari ya kitanda, akasimama mbele ya rafu, akaipima kwa macho nafasi ya pembeni yake.

"Kitanda cha nani hicho, shemeji? Cha mtoto mchanga?" Hakusema kwa ubaya. Naye alikuwa amechoka. "Mmejitahidi. Mama, funga mzigo, tulale, asubuhi tuondoke."

Mama Filomena hakubisha. Alizikunja nguo zake polepole, akaziviringisha, akatafuta kitu cha kuzifungia. Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akaitoa kamba kwenye msumari.

"Usifungie hiyo, mama!"

Wote wakamgeukia Bernadina. Sauti ilikuwa imemtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Ina nini?" Eliasi akauliza.

Akasema yote, akiwa ameinama. Aliposema neno "utosini", Eliasi alirudi nyuma hatua nzima.

"Alimpima mama? Mama mzima, anapumua? Hamna akili? Mama, leo hulali humu ndani!"

"Eliasi, nyamaza," Salimu akasema. "Ndugu yako angemchimbia mama yake kaburi, angekata ubao wa rafu?"

"Wewe utani wako kaa nao huko!"

Mama Filomena alikuwa hasikilizi. Alikuwa anaivuta kamba kati ya vidole mpaka alipofika kwenye fundo, akalishika hapo.

"Nilikuwa nimelala hivyo, nimenyooka?"

"Umenyooka, mama. Umeelekea mlangoni."

"Na hili fundo lake?"

"Aliongeza shubiri moja. Ya kujinyoosha."

Bibi akalifunika fundo kwa kiganja. "Mtoto yule," akasema. Akampa Eliasi ncha ya kamba. "Shika pembeni kule. Nyoosha."

Eliasi alisita. Kisha akachuchumaa pembeni mwa chumba, akakandamiza ncha kwa kidole. Bernadina akaivuta kamba kufuata ukuta, akaweka alama ya mkaa penye fundo. Salimu akaukongoa ubao, akaulaza ukutani kuanzia kwenye mkaa. Ncha yake ya pili ikagusa fremu ya mlango, bila kupungua wala kuzidi.

"Mnyamwezi," Salimu akanong'ona, akaupigapiga ubao kwa kiganja.

Eliasi aliutazama ule ukuta. Halafu akavua koti, akamwomba Salimu patasi.

Hakuondoka asubuhi, wala kesho yake. Alihamisha vigingi, akaziba matundu ya katikati kwa saruji, akaivunja meza. Mbao za kitanda alizikata kwa kamba ileile, kutoka ncha mpaka fundo, na Salimu akakiwamba kwa kamba za katani. Kazi ilipokwisha Mama Filomena alipanda, akanyoosha miguu, na vidole vyake havikufika mwisho. Eliasi akarudi Handeni peke yake.

Matundu yaliyozibwa yanaonekana bado, meupe kuliko ukuta. Alfajiri kengele ya shamba ikilia, wawili hao wanakunywa chai juu ya rafu, wameketi kwenye kitanda cha mama. Halafu Bernadina anaikunja apate kupita, anakwenda kuanika katani.