Mafua ya Chura

Wiki nzima cherehani ya Kitinda haikupumzika. Alikuwa ameshaamua kwamba yeye na dada yake hawaendi kwenye uzinduzi wa katuni na vile vigauni vyao vya kila siku, na Kitinda akiamua jambo, bora ubishane na ukuta. Akanunua kitambaa cha kijani, kijani cha chura hasa, akashona magauni mawili sare. Dada mtu alipolivaa lake mbele ya kioo alijiona kama pazia la ofisi, lakini hakuthubutu kunyanyua mikono kusema hivyo. Mdogo wake hasikii, ila kwa kuona hana mpinzani.

Dada mtu huyu ndiye aliyeandika vitabu vya Chura, vyote saba, na kuvichora mwenyewe. Watoto walimwita Shangazi, jina likamganda hata kwa watu wazima na ndevu zao. Chura wake hakuwa na sauti. Vyura wenzake walipiga makelele bwawa zima. Yeye alisema kwa vidole, wenzake wakajifunza kumwelewa, basi. Na kila kitabu kiliishia pale pale: Chura anapanda juu ya jiwe, anagusa ncha ya pua mara mbili, na rafiki aliyepotea anageuka na kumkimbilia.

Ishara hiyo haikutoka hewani. Kitinda alizaliwa kiziwi, na mtoto kiziwi akipotea sokoni utamwita mpaka ukauke koo. Kwa hiyo dada yake alikuwa akipanda juu ya chochote kilicho karibu, kreti, ngazi, siku moja hata meza ya muuza nyanya, akatukanwa matusi ya kila rangi, na kusimama pale akigusa pua mara mbili. Nimekuona. Niko hapa. Dunia nzima ni wao wawili tu waliokuwa na neno hilo. Kitinda alipofunua kitabu cha kwanza akamwona Chura ameshika pua, alilia kama mtoto, kisha akawaonyesha wateja wake wote waliokuja kupunguziwa suruali. "Huyu ni mimi," aliwaambia kwa mikono, waelewe wasielewe.

Televisheni nayo ikaja kubisha hodi, ikitaka kumfanya Chura katuni. Msimu wa kwanza ulikuwa kitabu kama kilivyo, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, na dada hawa wawili waliutazama wakiwa wameshikana mikono kwenye kochi. Msimu wa pili, Chura akaanza kutembea na leso. Shangazi aliguna, akasema labda ni pambo, wachoraji wa siku hizi wana mambo yao. Kisha akazama kwenye kitabu cha nane, na televisheni yao ikaanza kuonyesha mistari mitupu. Wala hawakuhangaika kuitengeneza.

Basi mchana huo, walipoingia kwenye ukumbi wa kituo cha televisheni, walikuwa hawajui lolote kuhusu msimu wa tatu. Mtayarishaji wa katuni, kijana mchangamfu anayeongea mpaka na mabega, aliwapokea mlangoni.

"Karibu Shangazi! Karibu mama mdogo! Jamani mmependeza, mmetoka kama bwawa lenyewe!"

Kitinda alisoma midomo yake, akacheka, akazungusha gauni.

"Leo utalia, Shangazi," kijana akaendelea. "Tumempa Chura zawadi, nakwambia, utalia."

"Zawadi gani tena?"

"Aa, nikikwambia nimeharibu. Kaa hapa mbele, na mimi nakaa pembeni yako nikuone."

Taa zikazimwa. Kwenye skrini akatokea Chura amejifunika blanketi, leso mkononi, amepelekwa kwa daktari. Daktari ni korongo mwenye miwani. Chura akagusa pua mara mbili.

"Mafua haya," akasema korongo, "yamekuziba koo tangu utotoni."

"Maskini!" bwawa zima likaitikia.

Akanyweshwa kijiko cha dawa. Akapiga chafya ya kutikisa majani, leso ikaruka, mdomo ukafunguka.

"Jamani, naweza kusema! Nimepona!"

Wakamtupia kipaza sauti, akakidaka kwa mikono miwili, akaanza kuimba. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Shangazi aliinama mbele. Alivitafuta vidole alivyovichora yeye, vile vyembamba vilivyokuwa vikisema kila kitu, akaona vimenenepa kama maandazi na kung'ang'ania kipaza sauti. Hapakuwa na kidole hata kimoja kilichobaki huru kusema neno.

"Mafua yametoka wapi?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimshtua.

"Si kwako!" mtayarishaji akamnong'oneza kwa furaha. "Kila mwisho wa kitabu anajikuna pua. Tuliumiza vichwa wee, huyu ana nini? Mchoraji mmoja akasema, jamani, si mafua! Hapo kila kitu kikanyooka. Kumbe ndiyo maana hasemi! Ulitutegea fumbo, Shangazi, na sisi tumelitegua."

"Mngeniuliza."

"Tukuulize nini, na picha inaonekana?"

Kitinda akamvuta mkono wa gauni. Midomo ya watu anaisoma, lakini mdomo wa katuni hausomeki.

"Mbona mdomo wake unacheza?" aliuliza kwa vidole.

"Anasema."

"Anasema nini?"

Shangazi hajawahi kumdanganya mdogo wake, na mikono haikujua kuanzia wapi. "Anasema amepona."

Kitinda aliitazama skrini. Akamtazama dada yake. Mwanga wa katuni ulimchezea usoni, kijani juu ya kijani.

"Kwani nilikuwa naumwa?"

Taa zikawashwa. Watu wakasimama, mtayarishaji akamnyanyua Shangazi kwa kiwiko, akampandisha jukwaani, akamkabidhi kipaza sauti. "Mama wa Chura huyu hapa! Tuambie kitu!"

Shangazi aligeuka kumtafuta Kitinda. Kiti kilikuwa kitupu. Aliona gauni la kijani likijipenyeza kati ya wageni kuelekea mlangoni, likimpa mgongo, na mgongo wa Kitinda hauitiki. Aliweka kipaza sauti chini. Akavuta kiti kilichokuwa jukwaani, akapanda juu yake na umri wake wote, watu wakaguna.

Mlangoni, kama alivyofanya maisha yake yote anapopotea, Kitinda akageuka kumtafuta aliye juu.

Shangazi akagusa pua. Mara mbili.

"Poleee!" ukumbi mzima ukaitikia, kwa huruma na kicheko. Na mtayarishaji, kijana mwenye adabu zake, akaruka jukwaani, akasimama mbele yake akimziba kabisa, na kumnyooshea leso.

"Shika, Shangazi. Hiki kiyoyozi chetu kinaleta mafua."