Lilipokuwa Ghorofa la Khatibu

Vijana wa sasa ukiwaambia kwamba hapa Kasulu, penye barabara hii pana, palikuwa na ghorofa la Khatibu, wanakucheka. Mimi Winifrida nilishonea nguo kwenye baraza lake miaka yote ile, kwa hiyo wacheke tu.

Juu kulikuwa na stoo za wafanyabiashara, chini maduka na hoteli ya Asia, binti wa marehemu Khatibu. Mpishi wake alikuwa Nsabimana, Mrundi wa kambi ya Mtabila. Maharage yakiiva aligonga ukingo wa sufuria kwa upawa, mdundo wa ngoma za kwao, na soko zima likajua chakula tayari. Yeye na Asia walipendana. Walidhani hatujui, wajinga wale.

Mwaka 2012 kambi ikafungwa, watu wakapandishwa mabasi kurudishwa Burundi. Nsabimana alikuja kuaga mbio mbio.

"Nzogaruka," alisema kwa lugha yake, yaani nitarudi. "Nitakuja kukuoa, Asia. Usihame hapa, nisije nikakukosa."

"Nihamie wapi?" Asia alijibu, huku analia na kucheka. "Ghorofa lote hili, utalikosaje?"

Miaka miwili baadaye ukutani ikachorwa alama ya X nyekundu: barabara inapanuliwa. Sisi wapangaji tukahama. Asia aligoma mpaka tingatinga lilipoangusha jiko. Niliwalaani wale watu, na sijatubu.

Ndugu zake wa Tanga walimwita, akakataa. Akawa anauza maharage palepale kando ya barabara, chini ya turubai. Mwaka 2015, wakimbizi walipoanza kuletwa tena, safari hii kambi nyingine, kila basi lao likitokea alisimama akagonga sufuria mdundo uleule. Hakuna lililosimama. Iliniuma kumtazama. Mvua zilipoanza homa ikamshika, akafa.

Nsabimana alikuja baada ya mazishi, alipopata kibali cha kutoka kambini. Nilimweleza yote mpaka msiba, ila la sufuria sikuligusa. Alikaa kwenye benchi langu, mikono kichwani.

"Siku tunaletwa nilikuwa dirishani, natafuta ghorofa," alisema. "Sikuliona, nikajua bado hatujafika. Nikasikia mtu anagonga sufuria kama mimi. Nikasema, kumbe na huku kuna Mrundi mwenzangu. Halafu nikafunga dirisha, vumbi lilikuwa jingi."