Maji ya Murangi

Rhobi alipopanga chumba cha pili kwetu Musoma, alikuja na begi la nguo na boksi la chupa za kahawia. Anasomea kemia chuoni. Mimi niliishia la saba, nakaanga samaki hapo nje, lakini jioni ananisomea ripoti yake ya kupima maji ya ziwa. Mwalimu wao, Eliud, aliwaambia wasome kwa sauti mbele ya mtu asiyejua habari yenyewe. Basi mtu huyo nikawa mimi.

Nilipenda kusikiliza. Kwenye ripoti hakuna watu. Maji yanachotwa, yanachujwa, yanapimwa, kama vile ziwa limejiamkia lenyewe likajipeleka maabara. Nilikuwaga nafumba macho, naliona linapita sokoni taratibu, limebeba samaki wake wadogo, wale furu, bila kummwagikia mtu.

Maji yalitoka Musoma, Guta na Murangi. Murangi nilimpeleka mimi, tukalala kwa mama mdogo Scholastika. Maji ya huko ndiyo yalitoka safi kupita yote, kama ya mvua. Rhobi mwenyewe alishangaa, akasema labda ni upepo wa siku ile. Akachora mstari wa uchafu, unaoshuka kutoka mjini hadi Murangi, mstari mzuri, umelala kama mgongo wa ndama. Mwalimu Eliud akamwambia, ripoti ikikaa hivyo jina lako nalipeleka maabara ya maji ukafanye mafunzo. Nafasi ilikuwa moja tu, na Rhobi alikuwa anaiota.

Ikiwa kesho yake ndiyo aipeleke ripoti, mama mdogo akafika na gunia la dagaa. Akakalia ndoo, akanywa uji, akamtazama Rhobi.

"We mtoto umekonda. Yale maji yangu hukunywa?"

"Maji gani, mama?"

"Ya kwenye chupa. Mmelala, mimi nikafungua nikanusa. Ya kijani, yana majani-majani. Nikasema, mgeni atoke kwangu na uchafu huu? Huko mjini si watanicheka? Nikamwaga, nikawawekea ya kuchemsha, ya mtungini." Akafuta mdomo. "Wala usinishukuru."

Rhobi hakumshukuru. 

Mama mdogo alipoondoka, tukakaa kama kawaida, yeye na karatasi zake, mimi namenya muhogo. Wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa kwenye taa kama moshi. Akasoma Musoma, akasoma Guta. Ziwa likaanza kutembea kichwani mwangu. Alipofika Murangi, sauti ikakatika.

"Jeska, ukisikia hapa, unaamini?"

"Naamini. Si umeandika wewe?"

Akaiweka karatasi chini. Nilidhani nimemkosea.

"Mwalimu anasemaga," akasema polepole, "anayesoma ripoti hakuwepo. Ameazima macho yako."

Akavuta kalamu. Akaandika, kisha akanisomea: chupa ya Murangi ilimwagwa na mwenyeji usiku, ikajazwa maji ya kunywa, kwa hiyo matokeo yake yameondolewa. Nikafumba macho. Mama mdogo alikuwa ameingia kwenye ripoti, na kanga yake na mtungi wake, mtu wa kwanza kabisa, amesimama peke yake pembeni ya maji yote yale.

Mwalimu Eliud aliisoma ripoti, Rhobi akiwa amesimama mbele yake. Akamwambia amefanya sawa, lakini mstari wa vituo viwili hawezi kuupeleka popote. Arudi akachote upya, aombe mwakani. Nafasi akapewa mwenzake wa darasani, Paschal.

Rhobi alilia kidogo, akala samaki, akaniuliza gari la Murangi linaondoka saa ngapi.

Safari hii mama mdogo aling'ang'ania kuchota mwenyewe. Aliingia ziwani hadi magotini, ukungu bado umelala, akainua chupa, akachungulia ndani, akakunja uso.

"Haya ndiyo mnayataka kweli?"

"Haya haya, mama."

"Mnaniaibisha."

Lakini akafunga kifuniko vizuri. Tulipokuwa tunapita senta, pale kwenye maduka ya kijiji, akaifunika chupa kwa upindo wa kanga yake, majirani wasije wakaona anampa mgeni maji gani.