Vidole Viwili

Ufa ulikuwa umeongezeka. Jumamosi iliyopita ulikuwa na urefu wa njiti moja ya kiberiti. Leo fundi alipopanda ngazi na kuupima tena, zilienea njiti mbili, na kutu ilikuwa imevuja kwenye rangi ya kijivu. Juu ya kichwa chake kwaya ilikuwa inafanya mazoezi. Kila walipopiga mguu, vumbi lilimwangukia usoni.

Akashuka, akazirudisha njiti mfukoni.

Roshani ile ya waimbaji aliijenga yeye mwenyewe, mwaka juzi. Watu walimwita Jichotepu, kwa sababu hakuwa na haja ya tepu. Aliutazama ukuta, akakitazama chuma, akakata, na mara zote kilikaa. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na babake. Siku alipoikata boriti kubwa ya roshani, ikatokea fupi kwa vidole viwili. Vidole viwili tu. Kuagiza nyingine kungekuwa kukiri mbele ya kanisa zima kwamba jicho limekosea. Basi akajaza pengo kwa vipande vya nondo, akachomelea juu yake utando mwembamba, akasugua mpaka ukang'aa, akapaka rangi. Mchungaji alipokuja kukagua, alimsifu kwamba mahali pa kiungo hapaonekani kabisa.

Tangu alipouona ufa kwenye kiungo hicho, wiki tatu zilizopita, kila alfajiri aliomba dua moja: Bwana, ishikilie. Usingizi ulimhama. Mkewe alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, naye fundi alimzuia kwenda mazoezini kwa kila kisingizio alichoweza kubuni, mara mtoto ana homa, mara shati halijafuliwa. Mke akacheka, akawaambia mashoga zake kwamba mume wake ameanza wivu uzeeni, tena anamwonea wivu mpiga kinanda mwenye kipara. Fundi aliusikia utani huo akashindwa hata kutabasamu, na leo mke alikuwa amekwenda mazoezini licha ya visingizio vyote.

Alifikiria kukarabati kwa siri. Lakini boriti haichomelewi kwa siri. Lazima roshani iwe tupu, iwekewe nguzo, na mtu ataje sababu. Kesho zingekuja kwaya mbili za wageni, watu sitini wasimame juu pale. Na Jumatatu angetia saini kazi ya milango ya shule, kazi ya miezi minne ambayo mchungaji mwenyewe alikuwa amemwombea. Nyumbani unga ulikuwa umefika chini ya debe.

Juu kukasikika mlio mfupi, mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Waimbaji hawakuusikia. Yeye aliusikia, na hapo ndipo alipoielewa dua yake. Wiki tatu alikuwa anamwomba Mungu amshikilie uongo wake. Aliona aibu kiasi cha kutaka kuketi sakafuni.

Mchungaji alikuwa akipanga viti karibu na madhabahu.

"Mchungaji, watoe watu huko juu," alimwambia. "Mmoja mmoja. Wasikimbie."

"Kuna nini, fundi?"

"Nimeharibu mimi. Washuke kwanza, nitasema yote."

Mchungaji alimtazama usoni, akaacha viti. Akawaita waimbaji kwa sauti ya kawaida, kama anayewaita wakanywe maji. Walishuka polepole, wakinung'unika kwamba wimbo haujaisha. Fundi alisimama chini ya boriti akiwahesabu, kana kwamba kichwa chake kingeizuia. Mkewe alitoka wa mwisho, amekumbatia rundo la vitabu vya nyimbo, akasimama katikati ya roshani kuokota kimoja kilichoanguka. Mlio ule ukaja tena. Fundi alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, taratibu, akamwambia akiache. Akakiacha.

Ndipo akawaambia wote. Hakusingizia chuma wala fundi mwenzake. Alisema boriti ilikuwa fupi, alijua, akaficha kwa sababu ya majivuno. Aliomba msamaha kwa Mungu na kwao. Kiongozi wa kwaya, ambaye binti zake watatu walikuwa wakiimba, alitoka nje bila kumtazama.

Mchungaji akasema kesho wataimba wakiwa chini. Na kazi ya milango hawezi tena kumsemea, hilo alielewe. Kisha akavua koti, akaenda kuleta jeki ya gari lake.

Mkewe alisogea.

"Kumbe ndiyo sababu ulikuwa unanizuia."

"Ndiyo, mama. Na sasa sijui tutakula nini."

"Tutakula tutakachopewa," alisema. "Ungenizika, baba. Ungenizika, halafu ungekula hiyo milango?"

Alikwenda kuketi mbali naye.

Waliweka magogo mawili na jeki, boriti ikaegemea. Fundi akapanda na mashine ya kusaga, akaondoa rangi. Alidhani ataukuta ufa wa njiti mbili. Chini ya rangi chuma kilikuwa kimepasuka mwanzo hadi mwisho, na kingo zake zilikuwa na kutu nene, ya hudhurungi, kutu ya miezi mingi. Ni rangi tu iliyokuwa bado haijapasuka yote. Alipougusa utando, ulibanduka, na vipande vya nondo vikadondoka kimoja kimoja sakafuni.

Mchungaji aliokota kimoja, akakigeuzageuza.

"Pasaka zote mbili walisimama hapo," alisema. "Ilikuwa imeshikwa na nini?"

Chini, mtu mmoja alianzisha ule wimbo ulioachwa katikati, na baada ya kitambo akaisikia sauti ya pili ikiingia, hafifu, aliyoijua. Akaingiza vidole viwili kwenye pengo. Vilipita bila kugusa kitu, vikatokea upande wa pili, kwenye mwanga wa dirisha.